Siku Nilipomtaja Nyar Alego

Nilipokuwa mtoto, kwetu hakuna aliyekula mlangoni. Chakula kililiwa ndani, sahani ikiwa karibu na tumbo, na mtu akibisha hodi mikono ilisimama mpaka ajulikane ni nani. Haukuwa uchoyo. Tuliamini kwamba kuna watu wenye jicho baya, sisi Wajaluo tunaliita sihoho, ambao wakikutazama tu unapokula, chakula kinakataa kushuka. Kinabaki tumboni kama kilivyo, kinakukata, na usipopata mtu wa kukitoa, unakufa. Mwenye jicho hilo hakulichagua, wakubwa walisema. Alizaliwa nalo. Ndiyo maana wanawake walioolewa kutoka mbali walichunguzwa kuliko wengine, kwa sababu nani angejua kwao walizaliwa na nini?

Nyar Alego alikuwa ameolewa kutoka mbali. Jina lenyewe maana yake ni binti wa Alego. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la kwao hata akae miaka arobaini na kuzikwa hapo. Alikuwa mjane mwenye binti wawili wadogo. Mume wake alipokufa alikataa kurithiwa na shemeji yake, akaendelea kulima shamba lake mwenyewe, na wanaume wa kijiji hawakumsamehe kwa hilo. Wanawake ndio waliomchagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chao.

Kijiji chetu kiko Uyoma, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka gati la Luanda Kotieno. Mama yangu alifanya kazi ya nyumbani kwa watu wa Milimani kule Kisumu, kwa hiyo nililelewa na nyanya yangu, mama yake baba, niliyemwita Dani. Dani alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa kikundi. Walilimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na walikuwa na shamba moja la pamoja la njugu. Mwaka ule ninaosimulia, miaka ya themanini ikiwa katikati, mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imewatupa mkono. Kulikuwa na gunia moja tu la mbegu. Liliwekwa nyumbani kwa Nyar Alego kungoja mvua ya masika, na ni yeye mwenyewe aliyetoa sharti: atakayegusa mbegu, nyumba yake yote inatoka kikundini. Dani alirudi kutoka mkutano wa kikundi akinirudia maneno hayo mara mbili, akinishika sikio ili yaingie.

Hayakuingia. Alasiri moja Dani alinituma nirudishe ungo tuliokuwa tumeazima kwa Nyar Alego. Nilikuwa na miaka tisa. Mchana tulikuwa tumekunywa uji mtupu. Nilipobisha hakuna aliyeitika, mlango ulikuwa wazi, na gunia lilikuwa limesimama kwenye kona likiwa limefungwa kwa kamba ya katani iliyolegea. Nilijiambia nitachukua tatu. Nilikula nikiwa nimechuchumaa, nikijaza kinywa, na nyingine nikazitia mfukoni. Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Nilipoinua kichwa, Nyar Alego alikuwa amesimama mlangoni na debe la maji kichwani, shingo ikiwa imenyooka, maji yakimdondokea begani. Alikuwa ametoka ziwani, chini ya kilima. Alikuwa akinitazama.

Alitua debe taratibu. Nilianza kulia kabla hajasema neno.

"Una njaa?" aliuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Hizo ni mbegu, nyathina," alisema. Nyathina maana yake mtoto wangu. "Ukila mbegu unakula mwaka mzima wa watu. Umesikia?"

"Usimwambie Dani."

Alifunga gunia, akakaza kamba huku akilibana kwa magoti. "Simwambii. Lakini usirudie. Haya, nenda."

Njiani nilimaliza zile za mfukoni, kwa woga zaidi kuliko kwa njaa, kisha nikanywa maji mengi ya mtungini. Njugu mbichi na maji tumboni mwa mtoto aliyeshinda na uji, mtu yeyote leo angejua kitakachofuata. Kulipokucha nilikuwa nimejikunja kama mdudu, natapika, tumbo limekazana kama ngoma. Dani alinichemshia majani machungu, hayakusaidia. Siku ya pili aliita mama mmoja mzee wa kijiji cha jirani aliyejulikana kwa kutoa vyakula vilivyokwama. Alifika asubuhi na kikapu chake. Dani alimpokea uani, wakanong'onezana kidogo, kisha wakaingia.

Yule mama alinichanja chale tatu ndogo chini ya kitovu kwa wembe, akapaka dawa yenye harufu ya moshi, akasugua na kubana mpaka nikapiga kelele. Kisha akafungua kiganja. Palikuwa na vipande vidogo vyeupe, vimelowa damu.

"Njugu," alisema.

Dani alishika kifua. Mimi nilidhani nimeumbuliwa, kwamba sasa tumbo langu lenyewe limesema. Lakini yule mama hakuniuliza nilizitoa wapi. Aliinama karibu na uso wangu.

"Ulipokuwa unakula, nani alikutazama?"

Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kusema ukweli wote. Nilimtazama Dani, nikakumbuka sharti, nikamwona akifukuzwa kikundini kwa ajili yangu, na fimbo ambayo ingefuata. Nikachagua kipande cha ukweli kilichonifaa.

"Nyar Alego."

Wakubwa wawili wale walitazamana. Hakuna aliyeonekana kushangaa. Jioni ile maumivu yalipungua, kama ambavyo yangepungua bila wembe, na kupona kwangu kukawa ushahidi wa pili.

Dani hakwenda kutangaza. Yule mama pia hakutangaza. Lakini kufikia Jumapili kijiji kizima kilijua. Kikundi kilipokutana kulima, wanawake walikula mchana pamoja chini ya kivuli kama kawaida, na Nyar Alego alipokaribia, mmoja alivuta leso akafunika bakuli lake. Kisha mwingine. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea maji ya kunywa. Nilimwona akisimama na sahani yake mkononi, akiwatazama, halafu akiinamisha macho haraka kama mtu aliyekumbuka kwamba haruhusiwi kutazama. Alikwenda kula peke yake upande wa pili wa shamba, akiwa ametupa mgongo. Hakuwauliza kitu. Siku hiyo nilidhani ananyamaza kwa aibu.

Jambo hili lingeweza kuishia kwenye mabakuli, lakini kulikuwa na suala la kisima. Watu wa mradi wa maji walikuwa wamekuja na gari lao, wakaahidi kuchimba kisima kimoja chenye pampu ya mkono katika kijiji chetu. Wanawake walikitaka juu, karibu na kanisa, mahali ambapo nyumba nyingi zilikuwa, ili waache kupanda kile kilima na madebe kutoka ziwani mara tatu kwa siku. Wanaume wenye maduka walikitaka sokoni, chini. Kamati ya kuamua ilikuwa na nafasi moja ya mwanamke, ya kwanza kabisa kwetu, na kabla ya ugonjwa wangu hakuna aliyekuwa na shaka ni nani angekaa pale. Nyar Alego hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na tabia ya kungoja wanaume wamalize kucheka, kisha anaendelea kutoka pale pale alipokatizwa. Walikuwa wakichoka kabla yake.

Baraza lilifanyika uwanja wa shule ya msingi, saa nne asubuhi. Sisi watoto tulisimama pembeni. Naibu wa chifu alipowaita wanawake watoe mtu wao, Nyar Alego aliinuka.

Mzee mmoja mwenye duka alisema bila kuinuka, "Kwanza atuambie mtoto wa watu alimfanya nini."

Watu walicheka. Nyar Alego alingoja wamalize, kama kawaida yake. Lakini safari hii kicheko kilipoisha hakuanza kusema. Alikuwa ananitafuta. Macho yake yalipita kwenye safu ya watoto mpaka yakanifikia, yakakaa. Hayakuwa makali. Nilijificha nyuma ya msichana mrefu wa darasa la sita.

"Kina mama," naibu wa chifu alisema, "huyu ndiye mnayemtaka?"

Nangoja jibu la swali lile mpaka leo. Wanawake zaidi ya ishirini walikaa kwenye nyasi na hakuna aliyefungua mdomo. Dani alikuwa mstari wa mbele, akichuna nyuzi za leso yake. Mwishowe naibu wa chifu akafunga daftari lake na kusema basi, kamati itaendelea na wanaume waliopo. Nyar Alego alikaa chini.

Pampu iliwekwa sokoni, nyuma ya bucha. Ilikuwa mbali na nyumba nyingi kuliko hata ziwa, na foleni yake ilitawaliwa na vijana wa maduka. Wanawake waliendelea kwenda ziwani, nami nikiwa nao, mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Mvua ilipokuja, kikundi kilipanda njugu bila Nyar Alego, na hakuna aliyekwenda kumsaidia kupalilia shamba lake. Baada ya mavuno yake machache alifunga nyumba, akachukua binti zake na kwenda Kisumu. Kikundi kiliendelea msimu mmoja zaidi, kisha kila mtu akarudi kulima kwake.

Nilimwambia Dani ukweli nikiwa na miaka kumi na saba, wakati wa likizo, tukichambua omena, dagaa wa ziwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na lawama. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," alisema. "Nilikuta maganda kwenye mfuko wa gauni lako, siku ile ulipoamka mgonjwa."

"Ulimwambia yule mama?"

"Nilimwambia umekula njugu. Jina ulilitaja wewe."

Tulimaliza omena zote. Nilimchukia kwa siku mbili hivi. Kisha nikaona kwamba alikuwa amesema kweli, na kwamba tulikuwa tumeogopa sharti lile lile, yeye na mimi, kila mtu kwa upande wake.

Ilinichukua miaka mingine mitano kumtafuta Nyar Alego, ingawa Kisumu si mji wa kupotea mtu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi kule. Nilielekezwa soko la Kibuye, nikamkuta akiuza mtama na wimbi, amenenepa kidogo, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alinijua kabla sijajitaja. Alinipa kiti cha mbao, nikamwambia yote, nikiongea haraka huku wateja wakija na kuondoka. Aliwahudumia na kurudi, na kila aliporudi alisema, "Endelea."

Nilipomaliza alipangusa mikono.

"Sasa hayo unaniambia mimi ya nini? Mimi nilikuwepo. Nilikuona."

"Kwa nini hukusema? Pale barazani ungesema tu kwamba nilikuwa naiba."

"Ningesema, Dani wako angetoka kikundini kwa sharti langu mwenyewe. Na wewe ungeitwa mwizi mpaka siku ya kuolewa. Mtoto wa miaka tisa, kwa sababu ya njaa?" Alisawazisha mtama kwenye gunia kwa kiganja. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nilikutazama pale, nikasema moyoni, atasema. Nikangoja mpaka mavuno. Halafu nikaacha kungoja."

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Sawa," kama mtu anayepokea mzigo aliokwisha kujua uzito wake. Kisha akasema, "Waambie wale. Wengine bado wapo."

Sikuwaambia. Dani alikuwa hai, na nilijiambia siwezi kumwaibisha katika uzee wake. Dani alipofariki nilijiambia siwezi kuchafua matanga. Nilikwenda mwaka mmoja baadaye, nikawakuta watano wa kikundi cha zamani nyumbani kwa mmoja wao, nikasema. Walisikiliza. Mmoja alilia. Mwingine, aliyekuwa wa kwanza kufunika bakuli siku ile, alisema, "Sisi tulikuwa tunamjua yule mwanamke kwa miaka kumi. Wewe ulikuwa mtoto." Aliyasema kwa ukali, na sikujua ukali ule ulimlenga nani. Niliporudi Kisumu nilikwenda Kibuye kumpa habari. Meza yake ilikuwa na mtu mwingine. Alikuwa amehamia kwa binti yake upande wa Port Victoria, walisema, na hakuna aliyejua mahali hasa.

Huwa naulizwa kama bado naamini sihoho, hasa na walimu wenzangu vijana wanaoona mambo hayo ni ya kuchekesha. Nawajibu kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba wanaume wale walikuwa na sababu zao tayari, na wanawake wale walikuwa na woga wao tayari, na kilichokosekana kilikuwa jina tu, likatoka kwangu. Yule mtoto nimekwisha kumsamehe. Alikuwa na njaa, tumbo lilikuwa linamuuma, na mkubwa alimuuliza swali. Nisiyeweza kumsamehe ni yule mwanamke niliyekuja kuwa, mwenye mshahara wake na akili zake timamu, aliyejua mahali soko la Kibuye lilipo na kupita hapo kila wiki akiwa bado hajawaambia wale wanawake, na kila wiki akaona kwamba ana haraka.