Pampu Chini ya Goti Langu

Pale gereji kaka yangu wanamwita Sikio, na jina hilo alilitolea jasho. Gari likiwa bado linakata kona, yeye alikuwa ameshasema valvu ipi inagonga. Wenzake walifungua injini nusu nzima kutafuta. Yeye aliinamisha kichwa, akafumba macho, kisha akaonyesha kwa kidole. Mimi nashona viti vya magari pale pale, karibu na ukuta. Miaka kumi na tisa nimeishi kwa kuitwa mdogo wake Sikio, na ilinitosha.

Sasa Sikio hasikii.

Hakumwambia mtu. Shemeji ndiye aliyenidokezea nilipopita kwao: "Redio yetu siku hizi mtaa mzima unaisikiliza bure." Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikaanza kumwangalia kaka kazini. Anatazama midomo. Ukimsemesha akiwa amekupa kisogo, kimya. Asipokuelewa anajibu "haya, haya" na kuinamia injini. Ngurumo anaipata, sauti nyembamba ndizo zilizomhama.

Mwezi ule alikuwa ameshafungua alteneta isiyo na ubovu akisema imekufa, na beringi nzima akisema ndiyo inayonguruma. Bosi akamwita ofisini, mlango wazi. "Ukinifungulia kitu kizima mara ya tatu, beba sanduku lako la spana uende nyumbani ukapumzike." Tulisikia wote, isipokuwa mhusika. Njiani jioni akaniuliza, "Bosi alisema nini pale mwishoni?" Ikabidi nimwambie mimi.

Mara ya tatu ikaja na gari la mwalimu mmoja mstaafu. Gari la zamani la mbio, jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba ukiingia magoti yanasalimiana na kidevu. Lilikuwa limekaa uani kwake miaka mitatu, na saa sita angekuja kulichukua. Starta inazungusha vizuri, injini haishiki. Kaka alitoa plagi akazijaribu: cheche zipo, lakini plagi zenyewe kavu kabisa.

"Petroli haifiki," akasema, na hapo alikuwa sahihi.

Tangini tulikuwa tumetia petroli mpya. Fyuzi nzima. Pampu ya gari lile imo ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma, ndiyo maana nikaitwa mimi kutoa kiti. Nikawa nimejikunja humo nyuma, goti langu juu ya kifuniko cha tangi, wakati kaka alipofungua swichi bila kuwasha injini. Pampu za namna ile hulia sekunde mbili, nyembamba kama mbu, kisha hunyamaza.

Ikalia. Niliisikia kwa masikio na kwa goti.

Kaka akainamisha kichwa, akafumba macho kama zamani. Akageuza ufunguo tena. Ikalia tena.

"Pampu imekufa. Nipe bisibisi."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Una hakika, Sikio?"

Kaka alimwona mdomo. "Nimesikiliza mara mbili, bosi. Makaburini kuna kelele zaidi."

Watu wakacheka.

"Kaka, inalia," nikasema. Lakini sauti yangu tangu utotoni ni kama ya kuazima. Shuleni nilikuwa narudishwa jibu moja mara tatu na bado walio nyuma hawajalipata. Kaka hakugeuka. Nikarudia. Akaingia huku nyuma na bisibisi, akalegeza skrubu ya kwanza.

Nikipaza sauti, bosi anajua. Nikinyamaza, pampu nzima inatoka, na bosi anajua vilevile. Skrubu ya pili. Ya tatu.

Nikamkamata mkono. Tulikuwa hatujashikana mikono tangu tulipomzika baba. Akanikazia macho kama mtu aliyevunjiwa heshima. Nikaubana mkono wake juu ya kifuniko, nikajinyoosha katikati ya viti vya mbele, nikageuza ufunguo.

Uso wake ulibadilika kabla pampu haijanyamaza.

"Nasikia," akasema. Neno hilo tunalitumia kwa sauti, kwa baridi, kwa njaa, hata kwa maumivu. Sikujua yeye alikusudia lipi. "Geuza tena." Nikageuza. "Nasikia, mdogo wangu. Ilikuwa inalia tangu mwanzo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alizikaza skrubu zote, akaingia chini ya gari. Kama pampu inasukuma na plagi ni kavu, petroli inakwama njiani. Akachomoa mpira wa petroli kabla ya filta, nikafungua swichi: petroli ikaruka. Akaurudisha, akachomoa ule wa upande wa pili: matone matatu, ya kahawia. Filta ilikuwa imeshiba kutu ya tangi. Tukafunga mpya. Starta ikazunguka mara mbili, injini ikashika, ikanguruma mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Hiyo kaka aliipata. Akatabasamu, akaizima, akasimama mbele ya injini akifuta mikono, kisogo kwa watu.

Bosi akasogea taratibu. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Alikuwa pale muda wote.

"Sikio, tangu lini?"

Kaka akaendelea kufuta kidole kimoja kimoja.

"Sikio. Nakuuliza."

Bosi akanigeukia mimi. Nikazunguka gari, nikasimama mahali ambapo kaka angeweza kuniona.

"Bosi anakuuliza," nikasema.

Tabasamu likabaki usoni pake kidogo, halafu likaondoka. Kabla hata hajamgeukia bosi, aliinama akaanza kupanga spana zake ndani ya sanduku.