Mama Mkwe Alimtaja Akifa

Ukungu haujainuka juu ya mashamba ya chai ya Kericho, na Yunia Nyatichi tayari amelowa hadi kiunoni. Mikono yake inaruka juu ya michai, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kisha anatupa konzi nzima kwenye kikapu kilicho mgongoni, bila kugeuka.

"Hapa hakuna mtu ananiuliza habari ya kwetu," anasema. "Nyapara anataka kilo tu."

Ana miaka thelathini na sita. Tangu 1966 anachuma chai na kulala katika chumba kimoja cha kempu ya wafanyakazi. Kwao Kisii wanamwita mchawi, na aliyempa jina hilo ni mtu aliyekuwa anakufa.

Mwaka ule mama mkwe wake, Marcella, alivimba miguu na uso. Mkojo ukapungua, mwishowe ukakatika. Yunia ndiye aliyemwosha, aliyembadilisha nguo, aliyemnywesha uji kwa kijiko. Wana wa Marcella, Ogari na mdogo wake Momanyi, mume wa Yunia, walichungulia mlangoni jioni wakaenda zao.

Siku za mwisho mgonjwa alianza kuona watu. Kwanza alimwona kaka yake Nyang'au, aliyezikwa zamani, amesimama kando ya ghala la mahindi. Akaagiza kaka yake aletewe kiti. Watu wa boma walilia kwa furaha, wakasema marehemu amekuja kumpokea dada yake.

"Kesho yake akanitazama mimi," Yunia anasema. "Nilikuwa nimeshika kijiko. Akapiga kelele: 'Huyu ananilisha nyoka! Mwondoeni!' Nikamwambia, 'Mama, ni uji. Ni mimi Yunia.' Akasema, 'Najua ni wewe.'"

Marcella alikufa akiwa bado anamtaja. Baada ya mazishi, Ogari alitupa nje sufuria na blanketi za Yunia. "Anayekufa hasemi uongo," aliwaambia wazee. Elmina, binti wa Yunia wa miaka minne, alitolewa mgongoni mwa mama yake. Momanyi alitazama chini. Kabla ya mvua kwisha, Ogari alikuwa amepanda pareto katika shamba alilokuwa akilima Yunia.

"Kama Nyang'au alikuja kweli, basi hata nyoka alikuwa wa kweli," Yunia anasema. "Wangekataaje moja na kukubali lingine? Hata mimi, siku zingine, nilikuwa najiuliza kama mkono wangu una kitu."

Jibu alilipata kitandani. Mwaka 1972 alishikwa na nimonia, na jirani yake Tecla Chepkemboi akawa anamkanda kwa maji.

"Nilimwona Tecla anamimina makaa ya moto mdomoni mwangu," anasema. "Nilimwona kabisa, kama ninavyokuona wewe. Nikamuuma."

Tecla, anayechuma safu ya pili, anainua kidole gumba chenye kovu. "Mama Elmina ana meno," anasema. "Lakini nilijua si yeye. Ni homa."

Homa iliposhuka, Yunia alimweleza dresa, mhudumu wa wagonjwa katika zahanati ya shamba, Johana Kipyegon, aliyoyaona. Halafu akamweleza habari za Marcella.

"Nilimwambia figo za yule mama zilikuwa zimekufa," Johana anasema. "Uchafu unaotoka na mkojo ukibaki ndani ya damu, unafika kwenye ubongo. Homa kali inaweza kufanya hivyo, na hewa ikipungua kifuani pia. Mgonjwa anaota macho yakiwa wazi. Na ndoto inachukua sura ya watu anaowajua. Aliyekaa karibu na kitanda ndiye anaingia kwanza."

Na wanaoona marehemu wao wakatulia? namuuliza.

"Hilo silijui lote. Nimeona wengine wakifa wanatabasamu. Lakini maneno ya mgonjwa wa namna hiyo si ushahidi wa kumfukuza mtu kwake."

Pasaka ya mwaka uliofuata Johana aliandamana na Yunia hadi kwa Momanyi, ambaye alikuwa ameshaoa mke mwingine. Momanyi alimsikiliza dresa mpaka mwisho.

"Daktari, nimekuelewa," alisema. "Mama alikuwa mgonjwa. Lakini shamba liko kwa Ogari, na mimi nina mke. Nikisema leo kwamba tulikosea, nitawaambia watu nini?"

"Waambie hivyo tu," Yunia alimjibu. "Kwamba mlikosea."



Yunia alikuwa amebeba mkate kutoka Kericho. Akakata kipande, akampa Elmina, wakati huo msichana wa miaka kumi na mmoja. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama." Kisha akazunguka nyuma ya jiko. Yunia alipoenda kunawa, alimkuta mbwa anakila kipande kile.

"Alishukuru vizuri sana," Yunia anasema. "Wamemlea na adabu."

Safu mbili mbele yao, nyapara anaita watu wapeleke majani kwenye mizani. Yunia anainama, anakaza mkanda wa kikapu kwenye paji la uso.

"Desemba nitaenda tena na mkate," anasema. "Mara hii nitaumega katikati, nile kwanza, yeye akiniangalia. Akikataa, nitaenda Desemba ingine."