Mzee Alisema Mashine Imekataa

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za watu hapa Mbeya, kwenye chumba kimoja ambacho dirisha lake linaangalia soko la Mwanjelwa. Mteja akiniambia "imeharibika tu yenyewe," hasira hunipanda. Huwa namuuliza: ulibonyeza nini? Naye huangalia chini. Nimewauliza watu swali hilo kwa miaka mingi, wakubwa kwa wadogo, bila aibu. Kwa kompyuta ya baba yangu nilichelewa kujiuliza mwenyewe.

Baba na mama walikuwa wanaishi Kihesa, Iringa, kwenye nyumba waliyojenga baba alipostaafu. Kabla ya hapo walikaa Mafinga, baba akiwa mpimaji wa mbao kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Huko ndiko walikompata mtoto wao wa kwanza, msichana, na huko ndiko alikofia akiwa na wiki tatu. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, kwa hiyo dada huyo namjua kwa kusikia tu, na hata kusikia kwenyewe ni kidogo.

Katika ukoo wa baba, mtoto ambaye hajaota meno huzikwa na wanaume wawili, na mama yake haonyeshwi kaburi. Walikuwa wanasema akionyeshwa hatazaa tena. Baba na babu walimzika dada yangu pembeni mwa shamba letu la zamani, na babu akamwapisha baba kwamba hatamwambia mama mahali hapo maisha yake yote. Baadaye shamba lile likapandwa misindano, miti ya mbao. Misindano ikakua, ikakatwa, ikapandwa mingine. Babu akafa, na mtu aliyejua mahali pale akabaki mmoja.

Mama alinizaa mimi, akazaa na wengine, akafika umri ambao kwa habari ya kuzaa hakuna tena cha kuogopa. Akaanza kuomba kitu kimoja tu: apelekwe akapaone kabla hajafa. Baba alikuwa Mlutheri wa kuimba besi, mzee wa kanisa, lakini kiapo cha baba yake kilikuwa kimemshika kuliko mahubiri yote aliyosikia. Kila mama akiuliza alikuwa anajibu "Tutaona," kisha anatoka nje kuangalia kuku.

Mimi ndiye niliyepata ujanja. Nilikuwa na kompyuta kuukuu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Nikaiwekea mfumo wa Linux, nikaondoa makorokoro yote, nikaacha kitu kimoja. Ukiiwasha unaona boksi la bluu lililozungushiwa mistari myeupe, na ndani yake maneno ya mistari mitatu, herufi kubwa kama kiberiti, maana baba alikuwa na mtoto wa jicho. Moja, ANZA KUSEMA. Mbili, SIKILIZA. Tatu, ZIMA. Hakuna kipanya wala picha. Nikachomeka maikrofoni yenye taa ndogo nyekundu, nikaipeleka Kihesa, nikaiweka kwenye chumba cha wageni.

"Mzee," nilimwambia, "wewe uliapa hutamwambia mama. Hukuapa kwamba hutaiambia mashine."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Wewe ni mwizi kabisa. Na nani atasikiliza?"

"Mimi. Halafu miguu yangu ikinipeleka Mafinga, na mama akawa ananifuata kwa nyuma, hiyo ni habari ya miguu yangu."

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, aliingia chumbani akafunga mlango, na mimi na mama tukiwa jikoni tukasikia sauti yake inaanza kunguruma ukutani. Mama alishika sufuria mkononi akasahau kuiweka chini. Nilimnong'oneza mpango wote. Siku hiyo alinichinjia jogoo.

Nilirudi Mbeya. Kompyuta ile niliiunganisha na intaneti, kwa hiyo nikiwa kazini kwangu niliweza kuingia ndani yake na kuona mafaili mapya yanavyoongezeka. Baba alikuwa anasema kila asubuhi, dakika ishirini au thelathini, na alianza mbali sana, huko babu alikotokea. Alisimulia barabara, masika yaliyobomoa daraja, bei ya mbao ya enzi hizo, mpishi wa kambi aliyekuwa anaiba chumvi. Nikawa namtania kwa simu.

"Mzee, fika basi. Bado uko kwenye chumvi?"

"Tulia. Nikiruka nitapotea njia."

Yakafika mafaili kumi na tisa. La mwisho sikulisikiliza. Nilipata kazi ya wiki kadhaa Chunya, kufunga kamera kwa mnunuzi wa dhahabu, na asubuhi ya kuondoka nikaamua kwanza niiapdeti kompyuta ya baba, niiwekee programu mpya. Ni mazoea yangu kabla ya safari, kama mtu anayehakikisha milango imefungwa. Nikaingia kwa mtandao, nikatoa amri, maandishi yakaanza kushuka. Katikati mfumo ukasimama ukaniuliza swali: faili hili la mipangilio ya kioo ulilibadilisha wewe mwenyewe, je, nibakize lako au niweke jipya? Nje gari lilikuwa linanipigia honi. Nikabonyeza jipya.

Kwangu kila kitu kilionekana safi. Boksi lilikuwa boksi. Ila kioo cha Mbeya kinachora herufi kwa mipangilio yake, na cha Kihesa kwa mipangilio ya kule, ile ambayo nilikuwa nimeifuta dakika hiyo hiyo. Hilo nalijua, nimewahi hata kumfundisha mtu. Nilipaswa kupiga simu niseme, Mzee, hebu izime uiwashe tena, niambie unaona nini. Ingechukua dakika moja. Nilichukua begi nikatoka.

Chunya kulikuwa na vumbi na mtandao wa kubahatisha. Nilimpigia baba mara mbili tu, na mara ya pili ndiyo ninayoikumbuka.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa Kihehe. "Hamjambo huko?"

"Kamwene. Hatujambo, kazi tu. Mashine inaendeleaje?"

"Nimeifunika."

Kwetu redio inafunikwa kitambaa, televisheni inafunikwa, hata makochi yana vitambaa vya kufuma. Nilidhani anaongelea vumbi. "Umefanya vizuri," nikamwambia. Akaniuliza kama Chunya bado kuna joto.

Wiki iliyofuata mama alinipigia akilia. Baba alikuwa ameanguka akinawa uso. Presha. Alilala hospitali siku mbili bila kusema neno, na mimi nilifika Iringa siku ya tatu, wakati ndugu wameshaanza kujadili jeneza.

Tulizika. Watu walikuja, wakala, wakaimba, wakaanua matanga, wakaondoka na masufuria yao. Siku moja mchana nyumba ikabaki na mimi na mama. Niliingia chumba cha wageni. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha maua, kile ambacho mama hukitoa Krismasi tu. Nikakiondoa, nikawasha.

Nilijua kabla hata sijakaa. Rangi ya bluu haikuwepo. Mahali palipokuwa na mistari pembeni mwa boksi palikuwa na herufi q zimefuatana upande hadi upande, na x zikishuka kushoto na kulia kama siafu. Kwetu mafundi hilo ni tatizo dogo kabisa. Mashine haichori mistari ile, inaiita kwa namba za siri, na mipangilio ikipotea namba hizo hutoka kama herufi za kawaida. Lakini q na x hazimo katika Kiswahili wala katika Kihehe. Baba, aliyejifunza kusoma kwa shida na Biblia moja, alikuwa ameketi pale peke yake asubuhi, ameshajikaza, akakuta ukuta wa herufi asizozijua.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba katikati ya uchafu ule maneno yalikuwepo. ANZA KUSEMA, na namba yake, salama kabisa. Nilibonyeza moja. Taa nyekundu ikawaka. Nikasema "halo," nikazima, faili likahifadhiwa. Mashine ilikuwa inamsikiliza wakati wote. Ilihitaji kidole tu.

Nilirudisha faili langu la zamani, ambalo mfumo ulikuwa umelitunza pembeni kwa jina lingine. Nikasahihisha mistari miwili, nikazima, nikawasha. Boksi la bluu likarudi na mistari yake imenyooka. Chai ya jikoni ilikuwa haijachemka. Niliichukia kazi yangu siku ile kwa namna ambayo sijawahi kuichukia, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Kisha nikafungua faili la kumi na tisa, lile lililorekodiwa siku moja kabla sijaondoka. Baba alieleza nyumba ya kwanza waliyopanga Mafinga, paa la mabanzi, mama akiwa mjamzito. Sauti ilikuwa inapungua. Mwisho akakohoa akasema, "Nimefika mwaka wa mtoto. Leo nipumzike. Kesho nitasema alipo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili. Sijui alisimama kwa muda gani, ila maneno yale hakuyasikia, maana nilikuwa nimevaa spika za masikioni.

"Umeitengeneza?"

"Nimeitengeneza, mama."

"Izime. Sitaki kusikia humo. Baba yako alininyima mpaka mwisho."

Akaketi kitandani, akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza habari za jirani. Siku ile baba aliingia chumbani baada ya chai kama kawaida. Hakukaa. Alitoka uso umemshuka, akasimama pale jikoni. Mama akamuuliza mbona mapema. Akasema imekataa. Imejaa maandishi ya ajabu, imekataa. Halafu akasema, "Hata wao huko hawataki," akaenda kuchukua kitambaa.

"Mimi nikajua ni yale yale," mama alisema. "Miaka yote hii ana sababu. Kwanza baba yake, halafu msitu, sasa mashine. Nilimpikia, nilimfulia, lakini kuongea naye vizuri sikuongea tena. Mpaka anaanguka."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nasikilizia ukutani? Nawe ulikuwa Chunya, una kazi."

Ningeweza kunyamaza. Naomba nisijipambe kwa hilo, nilifikiria kunyamaza, na nilifikiria kwa muda wa kunywa kikombe kizima. Mama alikuwa amekwisha kupanga mambo yake kichwani: mume wake alikuwa mkaidi, amekufa na ukaidi wake, basi. Lakini baba hakuwa mkaidi. Aliingia mle kuvunja kiapo kwa ajili yake, akaziona zile herufi, akaamini babu amemjibu kutoka kaburini. Alikufa akiamini hivyo, na mkewe hamsemeshi.

Nikatoa spika za masikioni, nikamwekea mama dakika ya mwisho ya faili kwa sauti. "Kesho nitasema alipo." Mama aliiweka chini chai yake. Akaniomba nirudie. Nikarudia mara tatu.

"Sasa kesho yake ikakataa kwa nini?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilieleza kwa Kiswahili chepesi kadiri nilivyoweza: kwamba mashine haikukataa, na babu hakuwemo. Ni mimi niliyeingia kutoka Mbeya asubuhi ile, mfumo ukaniuliza swali, nikajibu bila kusoma, nikaondoka bila kupiga simu. Nikamwonyesha hata namba moja ya kubonyeza. Alifuatilia kwa makini, kama wateja wangu wanavyofuatilia, na mimi ndiye niliyekuwa naangalia chini.

Mama hakuwa amelia tangu makaburini. Alilia pale, kwa kelele, akimwita baba kwa jina alilomwita wakiwa vijana, ambalo sijawahi kulisikia. Nilitaka kumshika bega, akausogeza mkono wangu, siyo kwa ukali. Alipomaliza alijifuta na upande wa kanga, akakitazama kile kioo cha bluu, kisha akanitazama mimi.

"Ungeniacha nimkasirikie baba yako tu," alisema. "Yeye hayupo. Wewe sasa nitakufanya nini?"