Pampu ya Vifaranga vya Ngege

Kuna asubuhi moja ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu. Hata sasa ninapokusimulia, nauona ule ukungu wa ziwa ukitembea polepole juu ya mapaa ya Homa Bay. Nilikuwa fundi kijana wa redio na sola kule Suna, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani kidogo.

Dada yangu Atieno, ambaye alikuwa amefiwa na mume, alifuga vifaranga vya ngege, wale samaki wa ziwani, kwenye tangi nyuma ya nyumba yake hapo Homa Bay. Ndilo lililokuwa tegemeo la watoto wake. Pampu ya kuwapa samaki hewa ilitumia betri ya gari, kupitia bodi niliyoichomea mwenyewe, yenye chipu ya kushusha volti kumi na mbili hadi tano. Asubuhi hiyo pampu ilikuwa ikiwaka na kuzima. Samaki walikuwa wamepanda juu, vinywa wazi, maji yakawa kama yananyeshewa. Atieno aliyachota kwa kibuyu na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa.

Nilibadilisha chipu, nikapima, volti tano kamili. Nikaunganisha pampu, ikanguruma, ikanyamaza. Nikabadilisha tena, huku nikimlaani aliyeniuzia.

Mzee Owino, aliyenifundisha ufundi, alikuwa amekuja kutusalimia.

"Jaduong', mzee wangu, hii bodi ni nzima," nikamwambia. "Volti tano, ona mwenyewe."

"Wewe unapima ikiwa imepumzika," akasema bila kuinua sauti. "Washa pampu, halafu upime."

Nikapima. Tano, kisha chipu ikawa moto hata kidole hakikai, kisha sifuri. Ilipopoa tukawasha tena, naye akaibonyeza mgongoni kwa kijiti. Pampu haikunyamaza. Hapo nikaelewa: miguu ya chipu ilikuwa imeshika, lakini tumbo lake la chuma, linalopeleka joto kwenye bodi, halikupata risasi, ile ya kuyeyusha kwa kichomeo. Kila mara nilikuwa nikiondoa kichomeo mapema. Safari hii nikakishikilia mpaka risasi ikatambaa chini yake.

Mapovu yakarudi, samaki wakashuka taratibu. Lakini Atieno aliendelea kumwaga maji, hata nilipomwambia basi. Nilipomshika mkono, ulikuwa unatetemeka, na ndipo akalia, kilio cha mtu aliyechoka tangu zamani. Na mimi kila Jumapili nilikuwa nikimkuta ameketi na chai, namuuliza hali, anasema yuko sawa, naenda zangu. Iliniuma sana.

Mwanangu, ukitaka kujua hali ya mtu wako, usiridhike na jibu analokupa akiwa ameketi. Nenda siku ya kazi, anapobeba maji na kuhangaika na watoto, ukae naye mpaka uone panapomlemea. Wala usiwe na haraka ya kuondoka. Mungu akupe mikono yenye subira, na siku mzigo wako utakapokuwa mzito, asikose kukuletea mtu wa kuona unavyotetemeka.