Noti ya Babu na Mkasi wa Mama

Babu alikwenda vitani Burma na hospitali ya jeshi la Wabelgiji, akarudi Bukavu na kikohozi na noti moja. Alipewa na mgonjwa, Mholanzi aliyetoka Java. Katikati walichorwa wacheza ngoma wa Kijava, vidole vimepindwa nyuma, na pembeni kote lilizunguka pambo la maua na majani yaliyosokotana. Mama, anayeuza vitenge soko la Kalerwe, huku kwa Waganda tulikohamia, husema Wazungu wa benki waliliiba pambo hilo kwa mafundi wa batiki, kisha wakatuletea lilelile kwenye vitenge ili tulilipie. Mama hana adabu na wafu.

Jicho lake moja lilishakufa. La pili liliingia ukungu, na daktari akasema lisipopasuliwa upesi litamfuata mwenzake. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, mjini, aliiona picha ya noti kwenye simu yangu akataja bei iliyotosha upasuaji na kubaki.

Siku ya kwenda nilitoka bombani nikakuta chai tayari na noti imeshalala ndani ya Biblia. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Tulikunywa, tukaondoka.

Yule bwana aliifungua Biblia, akaangua kicheko.

"Banange! Nani alikata hii kitu?"

"Ni mimi," mama akajibu, kichwa juu. "Ilikuwa ya kupasuka-pasuka. Kwetu dola ya kupasuka habakamatake."

Ni kweli. Bukavu, dola yenye mchaniko mdogo kuliko ukucha hurudishiwa usoni, kwa hiyo watu hupunguza kingo kwa mkasi na kupiga pasi. Mama alifuata michaniko kwa kidole, maana macho hayakumsaidia, akaikata noti pande zote nne hadi ikawa nyororo. Pambo lote lilikwenda. Walibaki wachezaji, uchi kama kuku aliyenyonyolewa.

"Mama, hii sasa ni kalatasi tu. Ile maua ya pembeni ndiyo ilikuwa pesa." Akainyanyua juu ili wateja wake nao wacheke. "Bambi," akaongeza. Waganda hulisema neno hilo kwa huruma, yeye alilitema. Nilitamani kumpiga kwa Biblia.

Kisha akaacha kucheka.

"Vipande iko wapi? Lete. Kuna fundi anabandika. Mimi nalipa nusu."

Nusu ilitosha jicho. Nilimshika mama mkono, nikamwambia twende, viko nyumbani, tutavitafuta hata jalalani. Hakunyanyuka. Alinigeuzia uso, akakosea kidogo, akawa anaongea na ukuta.

"Mwanangu, chai ulikunywa?"

"Nilikunywa, mama."

"Makaa yalikuwa mabichi," akasema. "Yalikataa kuwaka."

Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa vikombe viwili, na nilikuwa nimemsifu kwamba leo sigiri ya makaa imeshika moto haraka.