Kumtafuta Ndege wa Siafu Masako

Mama alinituma Kisangani nikamrekodie sauti ya ndege. Tunaishi naye Bukavu tangu vita, na kila mvua ya alfajiri humkumbusha ndege mmoja wa msitu wa Masako, nje ya mji huo, alikokulia Mama: mdogo, wa kahawia, anayefuata misafara ya siafu na kupiga filimbi kabla jua halijatoka. "Niisikie tena, hata mara moja," alisema. Nilimuuliza nimpelekee salamu gani Tonton Fosta, mjomba wangu, mdogo wake. Akaendelea kukunja nguo zangu. Tangu walipogombana kwenye matanga ya bibi, hawajasemezana.

Alfajiri, giza likiwa bado zito, pikipiki ilinivusha daraja la mto Tshopo na kushika njia ya Buta. Harufu ya makala na mikate ya mjini ikabaki nyuma. Mbele ilinipokea harufu ya majani mabichi yanayooza, ambayo nilikuwa nikiijua kwa maneno ya Mama tu.

Tonton alinisubiri kando ya barabara, amevaa mabuti ya mpira, mkononi ana kwanga, mkate wa muhogo.

"Mupwa yangu, umekonda! Kule Bukavu munakulaka nini, baridi?" Akanimegea nusu.

Bondeni, maji yalitufika magotini. Miti ilidondosha mvua ya jana.

"Ndege tusimutafute," alisema Tonton. "Tutafute siafu. Siafu ikipita, wadudu inakimbia, ndege inakuja kukula. Donc, ukiona ndege mingi chini, angalia miguu yako."

Tulipopanda ukingo mkavu kidogo, tuliwakuta: msafara mweusi ukikata njia, na juu yake ndege wakirukaruka kwenye matawi ya chini. Niliinua simu. Wote walilia, ila yule wa Mama hakusikika. Siafu waliingia ndani ya suruali yangu, nikaanza kurusha miguu.

"Cheza, cheza!" Tonton alicheka. "Ndombolo hiyo hata Kinshasa habaijue!"

Kulipoanza kupambazuka nilikata tamaa. Nilijiona nikirudi kwa Mama na matone ya maji tu ndani ya simu. Hapo, simu ikiwa bado inarekodi, Tonton akalowesha midomo na kupiga filimbi: noti moja ndefu, kisha nyingine zikipanda kama mtu kwenye ngazi. Akarudia. Kutoka nyuma ya mitende ya rafia, sauti nyembamba ikamjibu.

"Ni ile," alinong'ona. "Mupelekee Yaya."

Yaya, dada mkubwa. Neno hilo sikulitarajia kinywani mwake. Akanisukuma begani. "Bon, tutoke, siafu itatumaliza."

Bukavu, jioni niliyorudi, nilimwekea Mama simu sikioni bila kumweleza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rudisha."

Nikairudisha hadi pale ndege anapoimba.

"Hapana, pale mwanzo." Alisikiliza tena, akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Huyu ni Fosta! Alikuwa ananidanganya hivi hivi tukiwa watoto. Naruka kwa kitanda, nasema kumekucha, nafika mutoni na ndoo, giza tupu!"

Miaka yote hiyo nilidhani anaukumbuka msitu. Tuliirudia filimbi ile mpaka chakula kikapoa. Kisha akajipangusa macho na kuuliza, kama anayeuliza habari za mvua:

"Na kule kwake, réseau ya simu inapatikanaka?"