Kiboko wa Jikoni

Fundi cherehani mmoja alicheza na mumewe mchezo wa simu wa kujenga dola, kila mtu kwa zamu yake. Bahati ilimpa kisogo: alianzia kwenye barafu tupu, hana mto wala chuma, na mji wake mmoja uliishi kwa samaki wa baharini. Mumewe alimcheka mpaka akatokwa machozi.

Fundi hakukata tamaa. Jirani yake mchezoni alikuwa dola kubwa iliyojiita Kiboko, naye alidhani inaendeshwa na mchezo wenyewe. Akaipelekea samaki, wakafunga mkataba wa amani, na pole pole miji yake ikafika mitatu.

Mchana mmoja, akiwa anapinda sketi ya mteja, alifungua simu acheze zamu yake. Mkasi ukamponyoka. Merikebu za Kiboko zilikuwa zimeuteka mji wake mkuu.

"Mungu wangu! Kiboko kanigeuka!"

Kicheko kikasikika jikoni. Akaenda kuchungulia. Mama mkwe wake, ambaye siku zote huomba apigiwe simu kwa kuwa hajui kubonyeza, alikuwa ameshika simu, miwani puani.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Mumeo kanifundisha. Samaki wako wamenenepesha jeshi langu, mwanangu. Ahsante."

Fundi akabaki kinywa wazi. Muda wote huo alikuwa anakula meza moja na adui yake, na adui akimwongezea mchuzi!

"Funga mdomo, nzi wataingia," mama mkwe akamwambia. "Miji miwili bado unayo. Haya, zamu yako."

Fundi akakaa hapo hapo mlangoni, akaanza kuunda mashua za vita.